Watu Wanne, Kurasa Sita: Kujipatia Jumuiya Ukiwa Masomo ya Uzamili na Uzamivu

Mwaka wa kwanza wa uzamili au uzamivu huwa na kelele zake. Kuna vipindi, kuna kazi za kukusanya, kuna mwenzako wa kukaa naye mstari mmoja na kumnong'oneza, "Hicho alichosema umekielewa?" Kisha vipindi vinakwisha, pendekezo la utafiti linapitishwa, na hakuna tena anayekungoja mahali popote. Jumatatu inafanana na Alhamisi. Msomaji wako amebaki mmoja, msimamizi, naye ana wanafunzi wengine, ana madarasa, ana safari. Hapo ndipo wengi hukwama, na mara nyingi si kwa ugumu wa mada. Ratiba iliyokuwa ikiwakutanisha na watu imeondolewa kimyakimya, na hakuna aliyewaambia kwamba sasa ni zamu yao kujitengenezea nyingine.

Neno "jumuiya" likitajwa kwenye hafla ya kukaribisha wanafunzi wapya, husikika kama nyumba ambayo tayari imejengwa, wewe kazi yako ni kubisha hodi. Nionavyo mimi, jumuiya ya kitaaluma ni miadi: watu fulani, siku fulani, saa fulani, na karatasi fulani mezani. Mapenzi huja baadaye, na hata yasipokuja kazi itafanyika.

Jua kwanza unamtafuta nani

"Nahitaji watu wa kunishika mkono" ni ombi lisilojibika, kwa sababu hata anayetaka kukusaidia hajui afanye nini. Chukua karatasi, andika mahitaji saba upande wa kushoto: anayesoma rasimu ikiwa bado chafu, anayeijua mbinu yako ya utafiti kwa mikono yake, iwe takwimu, usaili, maabara au nyaraka, anayezijua njia za ofisini, yaani fomu ipi, saini ya nani, kamati hukaa lini, anayekuuliza kila wiki umefanya nini, anayekujulisha kwa watu wa nje ya chuo, asiye wa fani yako, ambaye hataona haya kusema "hapa sijaelewa", na yule unayeweza kumwambia kwamba leo umechoka. Upande wa kulia andika majina. Majina ya watu, si vyeo.

Wengi wakimaliza zoezi hilo hukuta jina la msimamizi limejirudia mara nne au tano, na mistari mingine mitupu. Hiyo ni dalili mbaya kwenu nyote wawili. Msimamizi ndiye atakayetoa neno kuhusu ubora wa kazi yako, kwa hiyo kumwonyesha rasimu chafu kunakutia woga, na woga hukufanya uicheleweshe kwa miezi mitatu ukiisafisha peke yako. Tena msimamizi huugua, huhama, hustaafu, huenda likizo ya utafiti. Mwanafunzi aliyemwegemeza mtu mmoja mahitaji yote saba hujikuta siku hiyo amebaki bila hata mmoja.

Usijaribu kujaza mistari yote kwa mwezi mmoja. Anza na wa kwanza, msomaji wa rasimu chafu. Ukimpata huyo kwa utaratibu, mstari wa nne hujijaza wenyewe, maana anayesubiri kurasa zako ndiye huyohuyo atakayekuuliza ziko wapi.

Wanapopatikana

Kuna mahali ambapo majina yamekwisha kuandikwa na watu huyapita: ukurasa wa shukrani. Nenda maktaba au kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo, fungua tasnifu kumi za karibuni za idara yako, usome shukrani tu. Utaona nani hushukuriwa kwa kusaidia uchambuzi, mkutubi gani anatajwa mara tatu, mhadhiri gani wa idara ya jirani husoma kazi za wasio wanafunzi wake, na kama kulikuwa na kikundi cha kusoma kilichokufa watu wake walipohitimu. Ni saa moja ya kazi, nayo inakupa ramani ambayo hakuna kitabu cha mwongozo kitakachokupa.

Pili, hudhuria utetezi wa tasnifu za wengine pale ambapo taratibu zinaruhusu wasikilizaji. Wengi huingia mara moja tu, siku yao wenyewe, halafu wanashangaa maswali yametoka wapi. Ukiingia mara tatu utaanza kuona kwamba watahini wanarudia yaleyale: kwa nini sampuli hii, kwa nini nadharia hii na si ile, mchango mpya uko wapi, ungeanza upya ungebadilisha nini. Na mtahiniwa akitoka pale ni mtu mzuri wa kufahamiana naye. Amemaliza, ana nafasi, anakumbuka kila kosa, na bado ana hamu ya kulizungumza.

Tatu, semina ya idara, ile yenye watu kumi na wawili na viti vitupu mbele. Kaa mstari wa pili, si wa mwisho. Uliza swali moja fupi linalotokana na kitu ulichokisikia, si hotuba yenye alama ya kuuliza mwishoni. Baada ya semina, usimkimbilie mtoa mada tu, ambaye amezungukwa. Zungumza na mtu mwingine aliyeuliza swali lililokugusa. Huyo ndiye mtakayeonana naye kila wiki.

Usidharau watu unaofahamiana nao juujuu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba waliopata kazi kupitia watu wengi wao walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja au kwa nadra, si rafiki wa karibu. Sababu yake ni nyepesi: rafiki wa karibu anazunguka mlemle unamozunguka, anajua unachokijua. Anayetoka idara nyingine, anayesalimiana nawe maktaba tu, ndiye atakayekwambia kuna ufadhili mdogo wa kazi ya nyanjani unaofungwa mwezi ujao.

Na ukimwomba mtu, omba kitu chenye kipimo. Kwa mfano:

"Habari za leo. Niko mwaka wa pili, naandika kuhusu matumizi ya maji kwenye kilimo cha matone. Jumanne kwenye semina nilipenda ulivyouliza kuhusu uteuzi wa sampuli. Natafuta watu watatu wa kubadilishana kurasa sita kila baada ya wiki mbili, kwa wiki nane tu, halafu tunaamua kama tuendelee. Kikao cha kwanza ni Ijumaa saa nane mchana. Ungependa kujaribu?"

Ujumbe huo una idadi, una siku, na una mwisho. Mtu aliyebanwa hakubali kitu kisicho na mwisho. Wiki nane anaweza kuzihesabu kwenye kalenda yake na kuona kwamba hatazama.

Kikundi chenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi huzaliwa kwa shangwe na kufa wiki ya tatu.

Wanne ndiyo idadi nzuri. Mkiwa watatu na mmoja akaugua, kikao kinageuka mazungumzo ya watu wawili. Mkiwa saba, asiyekuja haonekani, na zamu huchelewa mpaka mtu anasahau alichokuwa akikiandika. Piga hesabu: watu wanne, kikao kila wiki, dakika tisini, maandishi ya watu wawili kila kikao. Dakika arobaini kwa kila andiko, kumi za mwisho kwa tarehe na zamu. Kila mmoja anasomwa mara moja kila baada ya wiki mbili, na hapati kisingizio cha kuacha kuandika katikati.

Mada zenu si lazima zifanane. Kwa maoni yangu ni heri zisifanane sana: wawili wenye mada moja huanza kuchungana, nani atachapisha kwanza. Kinachosaidia ni mbinu kuwa za ukoo mmoja. Wanne wanaofanya usaili wataelewana haraka hata kama mmoja anasoma mambo ya afya na mwingine sheria; mwenye milinganyo ya hisabati akikaa katikati yao atapata pongezi tu, na pongezi hazimfai.

Kiasi cha maandishi ni kurasa sita zenye nafasi mbili kati ya mistari, yaani maneno kama 1,500 hadi 1,800. Zitumwe saa 48 kabla ya kikao. Msomaji makini atatumia dakika thelathini na tano hadi hamsini, na huo ndio muda ambao mwanafunzi mwenye kazi zake anaweza kuutoa bila kinyongo. Ukituma sura nzima ya kurasa arobaini, kitatokea kilekile kila mara: watasoma saba za kwanza kwa bidii, watapitisha macho kwenye zilizobaki, na maoni yote yataangukia utangulizi. Sura yako itakuwa na utangulizi mzuri sana na tumbo lililooza.

Juu ya kurasa hizo weka sentensi tatu. Ya kwanza: andiko hili ni sehemu gani ya kazi. Ya pili: ni rasimu ya ngapi. Ya tatu: unataka wasomaji waangalie nini. "Naomba maoni" si ombi. Ni kumtupia mtu mzigo wa kukisia. Sema: "Aya ya nne inadai wakulima waliacha mashine kwa sababu ya gharama, ya saba inadai ni kwa sababu ya vipuri. Je, zinagongana au nimeziunganisha vizuri?" Swali kama hilo linapata jibu ndani ya dakika tano.

Kwenye kikao, anayesomwa hunyamaza kwa dakika kumi na tano za mwanzo. Ana kalamu tu. Msomaji wa kwanza anasema kwa sentensi mbili alivyoielewa hoja: "Nilivyosoma mimi, unasema hivi." Wa pili anafanya vivyo hivyo, kisha wa tatu. Ikiwa watatu wamesema mambo matatu tofauti, mmeshapata jambo kubwa la kikao hicho na mengine yote yanaweza kusubiri. Halafu kila mmoja anataja alipopotea, kwa ukurasa na aya. Halafu anataja kimoja kisichotakiwa kuguswa, kwa sababu mwandishi aliyevunjika moyo hufuta hata kilicho kizuri. Mwishoni mwandishi anafungua mdomo na kutaja mambo mawili atakayobadilisha kabla ya zamu yake ijayo. Mawili, si tisa. Koma, tahajia na marejeleo yaliyokosewa huandikwa pembeni ya karatasi na kukabidhiwa, hayazungumzwi.

Kanuni ya kunyamaza huwaudhi watu mwanzoni. Lakini fikiria: tasnifu ikifika kwa mtahini, hutakuwa umekaa kando yake ukimwambia "hapo nilikuwa namaanisha…" Ukijitetea dakika ya pili, wasomaji wanaanza kukuelewa wewe badala ya kuyaelewa maandishi, na tatizo la maandishi linafichika.

Yanayoharibu kikundi

Kundi la WhatsApp ni la kwanza. Linaanza kwa tarehe za vikao, linaingia salamu za asubuhi, picha, dua, matangazo ya kuuza vitu, na mwisho ujumbe wa "tumeahirisha" unapita bila kuonekana. Kundi hilo libaki la tarehe na mafaili. Porojo zina mahali pake, na mkitaka fungueni kundi la pili.

La pili ni kijiwe cha malalamiko. Msimamizi hajibu, ufadhili umechelewa, mashine imeharibika. Yote ni kweli, na yakizungumzwa saa nzima mnaondoka wepesi moyoni na watupu mkononi. Msiyapige marufuku. Yapeni dakika kumi kabla ya kikao kuanza, kwa saa ya kengele. Kengele ikilia, kurasa mezani.

La tatu ni yule asiyeandika. Zamu yake ikifika anaomba radhi, anasema atatuma wiki ijayo. Kikundi chenye huruma kinamruhusu, naye anaruka mara mbili, ya tatu anaona aibu kuja. Kanuni iwe kwamba zamu hairukwi: asiye na kurasa sita alete moja, asiye na moja alete mpangilio wa vichwa vya habari, asiye nao aje aseme kwa dakika kumi anachotaka kuandika huku mwenzake anaandika anachosikia. Anayekwama ndiye mwenye haja kubwa zaidi na kikao kile.

Kisha kuna suala la vyeo na umri. Masomo ya uzamivu huchanganya mhadhiri wa miaka arobaini na minane aliyerudi kusoma na kijana wa ishirini na saba aliyetoka uzamili moja kwa moja. Kijana hatamsahihisha mzee akishasema kwanza. Atasema "naunga mkono". Kwa hiyo mdogo aanze kusema, kila mara, na iandikwe kwenye kanuni za kikundi ili isionekane ni utovu wa adabu. Heshima ibaki kwenye maneno ya kuitana, isiingie kwenye kukubaliana.

Mwingine wa kuangaliwa ni msomaji mkarimu kupita kiasi, anayekuandikia upya aya nzima kwa sauti yake. Utashukuru, utainakili, na baada ya miezi sita tasnifu yako itakuwa na ndimi mbili. Msomaji aulize na aonyeshe, asiandike.

Na wiki ya nane ikifika, fungeni kweli. Ulizeni nani anaendelea. Anayetaka kutoka atoke siku hiyo bila kueleza sababu. Vikundi visivyo na mlango wa kutokea huishia watu kutoroka mmojammoja, na hilo huacha uchungu ambao haukuwa na sababu.

Faida moja ya kikundi haitajwi sana. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliofanikiwa sana kitaaluma lakini wakaamini mioyoni mwao kwamba wamepata nafasi zao kwa bahati au kwa kuwadanganya watu, na kwamba siku moja watagunduliwa. Wanafunzi wengi wa ngazi hizi, wa kike na wa kiume, wanaijua hali hiyo vizuri. Chanzo kimoja cha kuikuza ni kwamba tunaona rasimu zetu za kwanza na machapisho ya mwisho ya wengine. Ukiiona rasimu ya kwanza ya yule unayemwona gwiji, yenye aya mbili zinazorudia jambo moja na sentensi iliyokatika katikati, kipimo chako kinarekebika chenyewe.

Vikao vya kimya, na vya kusoma

Kuna aina nyingine ya kukutana ambayo haihitaji kusomeana chochote: mnakaa pamoja, kila mtu anaandika yake. Mpangilio uliozoeleka ni dakika 25 za kazi na 5 za mapumziko, mtindo uliobuniwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mizunguko mitatu inatimiza saa moja na nusu. Mwanzoni kila mtu anataja kwa sauti lengo lenye namba: "maneno 300 ya kueleza jedwali la pili." Si "nitaendelea na sura ya nne." Mwishoni anasema alipofika. Hapa mnaweza kuwa hata kumi na watano, wa fani zozote. Kosa la kawaida ni kuchanganya vikao hivi na vya kusomeana. Mtu mmoja akianza kuomba ushauri, wote wamesimama.

Kikundi cha kusoma makala ni desturi ya zamani. William Osler, tabibu, alianzisha kimoja kwenye Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1875, sababu moja ikiwa ni kugawana gharama ya majarida. Makala moja kwa kikao inatosha, na mwenye zamu asisome slaidi ishirini. Ajibu manne: waliuliza nini, walifanyaje, data zao zinabeba hitimisho lao mpaka wapi, na kazi hii inaingia wapi katika zetu. Swali la tatu lipewe nusu ya muda. Kama mnatumia Zotero, programu ya kutunza marejeleo, fungueni maktaba ya kikundi ili rekodi za marejeleo ziwe za wote. Mjue tu kwamba nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili ni MB 300, na mafaili ya kikundi huhesabiwa kwa mmiliki wa kikundi. Wekeni rekodi na vidokezo pale, mafaili ya PDF kila mtu akae nayo kwake.

Mipaka ya kusomeana

Kabla ya kutuma kitu chochote, soma kibali chako cha maadili ya utafiti. Mara nyingi kinataja nani ataziona data. Kama ni wewe na msimamizi tu, basi nakala za usaili zenye majina, sauti au vijiji hazitumwi kwa kikundi, hata kwa watu unaowaamini. Tuma uchambuzi, na dondoo ambazo zimeshaondolewa vitambulisho. Angalia pia vitu vidogo: "mkunga pekee wa zahanati ile" ni jina kamili kwa mtu wa eneo hilo.

Kubalianeni siku ya kwanza kwamba maandishi ya kikundi hayatoki nje na kwamba wazo la mtu linabaki lake. Msomaji aliyekupa maoni anastahili kutajwa kwenye shukrani. Aliyefanya uchambuzi au kuunda sehemu ya hoja ya makala anastahili mazungumzo ya uandishi-mwenza, na mazungumzo hayo yafanyike kabla makala haijatumwa jaridani. Baada ya hapo urafiki hauponi kirahisi.

Mwambie msimamizi kwamba una kikundi. Wengi hufurahi, maana kazi inayowafikia imeshachujwa. Maoni ya kikundi yakipingana na ya msimamizi, usimpelekee kama hukumu ("wenzangu wanasema umekosea"). Yapeleke kama swali lako mwenyewe. Baada ya kila kikao naye, mtumie barua pepe ya mistari mitano: tuliyokubaliana, nitakayofanya, tarehe. Itakusaidia siku mtakapokumbuka tofauti.

Ukiwa mbali, au ukiwa na kazi na watoto

Ushauri mwingi unadhani mwanafunzi anaishi bwenini na ana jioni zake. Anayesoma kwa muda wa ziada hawezi dakika tisini kila wiki, na asijidanganye. Mpango unaowezekana ni wa watu wawili au watatu, bila kikao cha moja kwa moja: Jumapili usiku kila mmoja anatuma kurasa tatu, kufikia Jumatano kila msomaji anarudisha ujumbe wa sauti usiozidi dakika sita, kwa mpangilio uleule wa hoja, nilipopotea, usiguse hiki. Mara moja kwa mwezi mnapigiana simu kwa nusu saa. Ujumbe wa sauti una faida kuliko maoni ya pembeni ya faili: unasikia msomaji aliposita. Hasara yake ni kwamba hautafutiki, kwa hiyo usikilize ukiwa na kalamu.

Mtandao ukiwa mbovu, zimeni kamera na mtume maandishi mapema. Vikao vya video vikikatika mara tatu, watu huacha kuja, na watasema ni kwa sababu ya kazi.

Nje ya chuo

Kongamano lina thamani kwa watu kumi, si mia tatu. Programu ikitoka, tia alama majina sita ya watu ambao makala zao umezisoma kweli, na uwaandikie wawili au watatu wiki moja kabla: mstari mmoja wa wewe ni nani, mmoja wa ulichokisoma kwao, mmoja wa kuomba dakika kumi wakati wa chai. Usiandike kwa mashuhuri tu. Mwenye shahada ya miaka mitatu iliyopita ana muda na anakumbuka njia.

Uwe na maelezo ya utafiti wako kwa sekunde thelathini, yasiyoanza na jina la nadharia. Shindano la tasnifu kwa dakika tatu, lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2008, ambalo mshiriki anaruhusiwa slaidi moja tu, ni zoezi zuri hata kama huna hamu ya kushinda. Ndani ya saa 48 baada ya kuonana na mtu, mwandikie, na umtumie kile mlichokitaja: makala, hojaji, jina la mtu. Barua ya "nimefurahi kukufahamu" bila kitu ndani yake haina pa kwenda.

Zoezi la utetezi

Kikundi kilichodumu kitafika siku ambayo mmoja wenu anatetea. Wiki mbili kabla, fanyeni utetezi wa majaribio. Wawili wawe watahini wakali, kila mmoja apewe sura zake na asome kurasa zake zote, si sita. Wa nne awe karani: kazi yake ni kuandika kila swali kama lilivyoulizwa, kwa sababu anayejibu hakumbuki chochote akitoka. Dakika ishirini za wasilisho, arobaini za maswali, bila kicheko, bila "jamani mnajua nilivyomaanisha". Swali la kwanza liwe jepesi na la pili liwe lile ambalo kila mtu kwenye kikundi amekuwa akilikwepa mwaka mzima. Karani akabidhi orodha, mtahiniwa achague matatu aliyoyajibu vibaya zaidi, na kesho yake ayajibu tena kwa maandishi, nusu ukurasa kila moja.

Akihitimu, kiti chake kitakuwa wazi. Mtafuteni wa mwaka wa chini, ambaye bado ana vipindi na bado hajajua ukimya unakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone: atauliza maneno ambayo ninyi mmeshayazoea kiasi cha kutoyaona. Vikao viwili vya mwanzo asome tu na kusema alipopotea. Cha tatu, alete kurasa sita.